Mtu wa Taa Anajibu: Koroboi Isigeuke Duka la Dawa

Wasomaji wangu, mwezi huu barua nyingi zimetoka kwetu Kusini, na karibu zote zina kilio kimoja: picha inaonekana, lakini haisemi kitu. Nimechagua tano. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu nyumba inayoelezwa humo naijua. Nimekulia ndani ya nyumba ya namna hiyo.

Swali: *Shikamoo mzee. Mimi na wenzangu wa Magomeni hapa Mtwara tunatengeneza filamu fupi. Mama mmoja wa Mikindani anamsubiri mumewe aliyekwenda baharini. Ni usiku, umeme hakuna, ana koroboi tu mezani. Tuliazima taa tatu za LED tukazipanga pande tatu kama tulivyojifunza mtandaoni. Kila kitu kinaonekana: kabati, kalenda ya ukutani, mpaka nyufa za sakafu. Lakini usiku hauonekani, wala huzuni. Mwenzetu mmoja anasema mama yule anafanana na muuzaji wa duka la dawa. Tumekosea wapi? — Mwongozaji, Magomeni*

Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzenu ana jicho, msikilizeni. Duka la dawa huwashwa taa nyeupe kila pembe ili muuzaji asome maandishi madogo ya kwenye chupa. Mama yenu hasomi chupa. Anasikiliza kama kuna hatua mlangoni.

Kabla hujagusa taa yoyote, uliza kwanza: ndani ya nyumba hii mwanga unatoka wapi? Mmeniambia wenyewe, ana koroboi mezani. Basi koroboi ndiyo mwanga wote wa nyumba hiyo, na kila isichokifikia kina haki ya kubaki gizani. Kabati libaki gizani. Kalenda nayo. Hakuna mtazamaji atakayedai aonyeshwe nyufa za sakafu.

Bibi yangu wa Mikindani alikuwa na koroboi ya kopo la maziwa. Jioni aliiweka chini, kando ya mbuzi ya kukunia nazi, na mwanga ulianzia magotini mwake. Mikono ilionekana kwanza, kisha kidevu, kisha nusu ya uso. Boriti za dari hazikuonekana kabisa. Kivuli chake kilipanda ukutani kikawa kikubwa kuliko yeye, na alipoinama kukuna, nacho kiliinama. Sisi wajukuu tulijisogeza mpaka tukamgusa, kwa kuwa hatua mbili tu kutoka pale palikuwa giza tupu. Mpaka leo nikifikiria usiku, nafikiria kule kusogeleana. Mwanga mdogo huwavuta watu pamoja. Sasa mwekeni mama yenu peke yake katikati ya mwanga huo mdogo, na nafasi ya mume itaonekana bila neno hata moja kusemwa.

Sababu ya taa zenu kuua hali hiyo ni umbali. Mwanga unaotoka katika taa ndogo hupungua kwa kasi kuliko watu wengi wanavyodhani: ukizidisha umbali mara mbili, unabaki robo. Chukua koroboi iliyo nusu mita kutoka usoni, na ukuta ulio mita mbili kutoka kwenye koroboi hiyo hiyo. Umbali wa ukuta ni mara nne, kwa hiyo ukuta unapata sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga unaopata uso. Taa zenu bila shaka zilisimama mita tatu au nne, na kutoka huko uso na ukuta vilipata karibu mwanga sawa. Mtazamaji hajui hesabu hii, lakini ameishi nayo tangu utotoni. Akiona ukuta unang'aa sawa na uso, moyo wake unamwambia kwamba hapa hakuna koroboi.

Kwa hiyo zimeni zote tatu. Koroboi ibaki mezani, ionekane, lakini msiitegemee peke yake, maana simu au kamera ndogo itajaa chengachenga gizani. Katika *Barry Lyndon*, filamu iliyotoka mwaka 1975, mwongozaji Stanley Kubrick alipiga sini za mishumaa kwa lenzi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani, zenye uwazi wa f/0.7, yaani mlango mpana mno wa kuingizia mwanga, na hata hivyo waigizaji walilazimika kutulia mno ili wasitoke kwenye fokasi, yaani wasionekane na ukungu. Sisi tunaficha balbu. Tafuteni balbu ya LED ya rangi ya joto, iliyoandikwa 2,700K kwenye boksi lake (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni njano, kubwa inaelekea buluu), wati tano au saba zinatosha. Ifungeni nyuma ya mtungi au sufuria, upande ule ule wa koroboi na kwa kimo kile kile, kamera isiione. Mbele yake wekeni karatasi ya bahasha ya kaki, isigusane na balbu, mwanga ukolee njano zaidi. Mkiitundika balbu juu mmeharibu kila kitu, kwa sababu kivuli kitashuka na koroboi haishushi kivuli, hukipandisha.

Upande wa pili wa uso tundikeni kaniki. Kuta za Mikindani zimepakwa chokaa, na chokaa hurudisha mwanga hata usiouomba. Kaniki itaumeza, na shavu la pili litazama gizani kama linavyotakiwa. Nimeona vijana wakiazima taa ya nne kurekebisha picha ambayo ingeponywa na kaniki moja.

Mtetemo wa moto mnaweza kuutengeneza kwa vidole: mmoja wenu apitishe mkono mbele ya balbu, polepole, bila mpangilio. Lakini moto hautetemeki muda wote. Hutetemeka mlango ukifunguliwa, mtu akipita, mwenyewe akishusha pumzi. Uacheni utulie sini nzima. Halafu utikisike mara moja tu, kabla mama hajageuza shingo, kana kwamba upepo umeingia na mtu. Nawaambieni, ukumbi mzima utageuka naye.

Kuhusu kamera: mpangilio wa rangi (white balance) utoeni kwenye otomatiki. Moto wa koroboi uko karibu kelvini 1,900, na kamera ikiachiwa itajitahidi kuugeuza uwe mweupe. Iwekeni 3,200 na muiache hapo, moto utabaki na wekundu wake. Kama ni simu, bonyezeni uso wa mama kwenye kioo na kushikilia mpaka simu ifunge fokasi na mwangaza, kisha shusheni mwangaza kwa kidole hadi weusi wa chumba uwe weusi kweli.

Mkitaka mbalamwezi, rudisheni taa moja kati ya zile tatu, lakini nje ya dirisha na mbali, ikiwa kwenye 5,600. Kwa kuwa kamera iko kwenye 3,200, taa hiyo itaonekana ya buluu. Mbalamwezi yenyewe si ya buluu, ni mwanga wa jua uliogonga mwezi ukaturudia. Macho yetu gizani ndiyo huona kama umepoa, na sinema imeifuata hali hiyo ya macho. Iwe hafifu. Na isimwangukie mama. Iangukieni kofia ya mume iliyotundikwa kwenye msumari, au upande wake wa kitanda.

Jambo moja la usalama, na hili nalisema kwa uzito: nyumba ikiwa ya makuti, wekeni ndoo ya mchanga mlangoni kabla ya kuwasha kiberiti. Niliwahi kufunga taa ya halojeni ya wati 1,000 karibu mno na makuti, tukaona moshi tukiwa katikati ya kupiga. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo sijawahi kuwasha taa ndani ya nyumba ya watu bila kuangalia kwanza juu.

Swali: *Shikamoo baba. Ninapiga video za harusi hapa Lindi mjini na sasa nimeanza tamthilia ndogo ya bibi harusi. Mwigizaji wangu ni mweusi sana, mzuri ajabu, lakini kwenye video uso wake unapotea, yanabaki macho na meno. Watu wananishauri nimpake poda ya kumng'arisha au nitafute mwingine. — Binti wa Lindi*

Marahaba, binti yangu. Usimpake poda hiyo na usimbadilishe. Kosa haliko usoni mwake hata kidogo, na nakuomba hata mbele yake usiseme sentensi itakayomfanya adhani liko huko.

Siku ukija Mtwara, nenda ukamtazame mchongaji wa Kimakonde akimalizia mpingo. Mpingo ni mweusi kuliko mtu yeyote. Yeye hauchongi akiwa katikati ya jua. Hukaa karibu na mlango, anakishika kinyago na kukizungusha polepole, na mwanga wa mlangoni unateleza juu ya paji, unaingia kwenye tundu la jicho, unatoka kwenye shavu. Kwa mteremko huo wa mng'ao ndipo anapojua kama pua imekaa sawa. Mtalii akija na kukipiga kinyago kile kile kwa flashi ya usoni, kinarudi kama kipande cha makaa. Kinyago ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali mwanga ulikotoka.

Ngozi nyeusi hufanya hivyo hivyo. Mwanga mwingi huumeza, kwa hiyo umbo la uso tunalisoma kwenye mng'ao, yaani ile taswira ya taa inayoakisiwa na ngozi. Taa ikiwa ndogo, mng'ao ni nukta kali puani na pajini. Chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa, mng'ao unakuwa mrefu na laini, unafuata mfupa wa shavu kuanzia sikioni hadi karibu na mdomo. Kumwongezea taa ndogo nyingi kutakuletea nukta nyingi. Unachohitaji ni kitu kikubwa cheupe.

Na kitu hicho unacho: mlango. Mketishe bibi harusi wako ukumbini, ubavu wake ukielekea mlango wa mbele uliofunguliwa wote, hatua mbili kutoka kizingiti, jua lisiingie ndani moja kwa moja. Jua likiingia, tundika shuka jeupe mlangoni, na shuka lote litakuwa taa. Wewe na kamera simameni upande wa ndani zaidi, ili mwanga uje kwa pembeni na kidogo kwa nyuma yake. Badala ya poda, mpake mafuta ya nazi kidogo sana kwenye mifupa ya mashavu, pajini na juu ya mabega, kama mama zetu wanavyompaka bibi harusi siku zote. Walijua kitu ambacho vitabu vya kamera vilichelewa kukisema.

Halafu mwondoe kwenye ukuta mweupe. Kamera ikiwa otomatiki hutaka picha nzima iwe na mwangaza wa wastani, ikiona ukuta mweupe na kanzu nyeupe inajibana, na uso wa binti ndio unaolipa gharama. Pima mwangaza kwenye shavu lake, ukuta ufanye utakavyo. Nyuma yake weka pazia la rangi iliyokolea, au mlango wa mbao wa zamani kama unao. Bwana harusi wa kanzu nyeupe msogeze mbali kidogo na mlango. Binti awe karibu na mwanga kuliko yeye.

Nimelisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu lina historia. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, kazi ilihesabiwa imekamilika. Nilikuwa kijana wa studio hapa Mtwara wakati filamu za rangi zikipelekwa mbali kusafishwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwakabidhi wateja bahasha zao. Niliona mama wazima wakitazama picha za harusi zao, wakanyamaza, wakalipa, wakaondoka. Walidhani ni wao. Kamera za leo zina uwezo wa kuona vizuri zaidi, lakini mtu wa taa asipojua kazi yake anaweza kuirudisha aibu ile ile. Usikubali iwe kwako.

Swali: *Mzee, tulipiga sini ya wapenzi ufukweni Shangani saa saba mchana. Macho yao yamekuwa mashimo meusi. Tufanyeje? — Vijana wawili wa Ligula*

Saa saba ufukweni ni saa ya ugomvi, si ya mapenzi. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 20 Oktoba na karibu tarehe 22 Februari, na katika wiki za karibu na siku hizo paji la uso linakuwa paa juu ya macho. Kama sini ingekuwa ya mtu aliyefukuzwa kazi anatembea bila kujua aendako, ningewaambia pigeni saa hiyo hiyo, mashimo yale yangesaidia.

Wapenzi wapelekeni asubuhi. Kwetu pwani jua huchomoza upande wa bahari, saa kumi na mbili na nusu liko chini, na mchanga wenyewe unarudisha mwanga laini usoni. Kama mnapenda jioni, kumbukeni jua letu huzama upande wa bara na machweo hayasubiri: tangu lizame mpaka giza liingie ni dakika kama ishirini tu. Fanyeni mazoezi mapema, waigizaji wawe wamesimama mahali pao, na msibadilishe lenzi wakati huo. Mkilazimika kupiga mchana, kivuli kizito cha mkorosho kinafaa, mradi waigizaji wakae ukingoni mwa kivuli wakitazama nje kwenye mwanga. Au vijana wanne washike chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili juu ya vichwa vya waigizaji. Jua litapita likiwa limelainika.

Swali: *Video zetu za ndani zina mistari myeusi inayopanda kama mawimbi. Taa ni mbovu? — Masasi*

Si lazima iwe mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Wekeni shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga wa kila picha, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, na fremu (picha) 25 kwa sekunde. Simu nyingine ina mahali pa kuchagua 50 au 60, chagueni 50. Mistari isipoondoka, badilisheni balbu, kwani zile za bei rahisi sana zina hitilafu hiyo ndani yake.

Swali: *Shikamoo mzee. Tuna sini ya mganga. Tumenunua balbu nyekundu na ya kijani, lakini dada yangu anasema imekuwa kama ukumbi wa disko. Tunataka watu waogope. — Newala*

Marahaba. Nirudi kwenye lile swali la barua ya kwanza: hiyo nyekundu inatoka wapi? Kama hakuna mtu kwenye hadithi anayeweza kuinyooshea kidole, mtazamaji anamwona mtu wa taa badala ya kumwona mganga. Waganga niliowaona utotoni walifanya kazi mchana, kwenye kibanda cha makuti, watu wakisubiri nje chini ya mwembe na watoto wao mgongoni. Hakukuwa na rangi yoyote ya ajabu. Niliogopa hata hivyo, na nimetumia miaka mingi kutafakari kwa nini.

Niliogopa kwa sababu mimi nilikuwa kwenye mwanga na yeye hakuwa. Mgonjwa huketi karibu na mlango, mganga huketi ndani. Anakuona kila kitu, mpaka jasho la kwenye mdomo. Wewe unasikia sauti tu.

Pigeni hivyo. Mgonjwa mwekeni kwenye mkanda wa jua linaloingia mlangoni. Mganga awe mita mbili ndani zaidi, mavazi ya kukolea, na kaniki nyuma yake ili ukingo wa bega lake upotelee gizani. Kwenye makuti huwa kuna matundu. Msiyazibe, acheni vijiti vya mwanga vishuke. Chomeni ubani kati ya hao wawili, na kamera itazame upande mwanga unakotoka, kwa maana moshi huonekana ukiwashwa kwa nyuma. Ukiuwasha kwa mbele unayeyuka machoni. Mmeuona ukungu wa asubuhi hapo kwenu, ukiwa na jua nyuma yake unavyosimama kama ukuta. Moshi ni hivyo hivyo.

Mwangaza mpimeni kwa mgonjwa, msishawishike kumwongezea mganga hata kidogo. Dada yako awe karibu na kamera, jicho lake linafaa. Na wakati mganga anapotaka kushika kiganja cha mgonjwa, asisogee yeye. Aunyooshe mkono tu, polepole, mpaka vidole vyake vivuke ule mstari wa jua sakafuni. Jaribuni saa mbili au saa tatu asubuhi kwenye kibanda ambacho mlango wake unatazama mashariki, kisha mnitumie picha moja tu, ile ya vidole.